Msiba wa Sauti ya Optatus

Optatus alirudi Dodoma mwezi wa saba, wakati upepo unapuliza vumbi mpaka ndani ya sahani ya mboga, akiwa na tundu shingoni na sauti hana. Alishuka stendi amefunga kitambaa cheupe kooni, akanipungia mkono. Nilimkimbilia huku nimeshafungua mdomo kumtania kwamba amekonda kama fito, na utani wenyewe ukanifia mdomoni, maana nilikumbuka kwamba hatanijibu. Alinikumbatia. Pumzi yake ilinigusa kutokea mahali ambapo pumzi ya mtu haitokei, nikatamani kulia na kukimbia kwa wakati mmoja.

Mimi ni Hilda, mpiga muheme. Kwetu Wagogo ngoma hiyo ni ya wanawake; unaibana kwa mapaja, unaipiga kwa viganja, na ukimaliza unatembea kama uliyeshuka kwenye punda. Kikundi chetu kilikuwa cha watu watatu. Mimi na ngoma yangu. Seth na zeze lake, Mgogo mwenzangu, mtu mwenye maneno mengi kuliko redio. Na Optatus, Msandawe wa Kwa Mtoro, ambaye hakuwa na chombo chochote zaidi ya koo. Akianza kuimba nilisahau kwamba nina mikono. Nilizinduka wimbo umekwisha, watu wanapiga makofi, na ngoma nimeipiga yote bila kujua nimeipigaje.

Ilikuwa saratani ya koo. Madaktari huko Dar es Salaam waliondoa kila kilichotoa sauti, wakamfungulia njia ya kupumulia chini ya shingo, na kwa kazi hiyo wakamwokoa. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo watu ambao wakisikia habari hii hukimbilia kuuliza nani alikosea. Hakuna aliyekosea. Mtu alikuwa anakufa, sasa hafi, basi.

Lakini Optatus aliendelea kukonda, na si kwa ugonjwa. Alikuwa anamkondea mama yake.

Mama huyo, Sidonia, ni kipofu. Macho yalimzimika Optatus angali mtoto wa kuchunga ndama, kwa hiyo uso wa mwanawe alioujua ni wa yule mtoto. Mwanamume mwenye ndevu aliyekuja baadaye, alimjua kwa sauti tu. Kila alipokwenda nyumbani, Optatus alianza kuimba mbali, kule njiani, na mama akainuka akaja mlangoni amenyoosha mikono. Sasa angeimba nini? Siku moja nilimwambia aende tu, mama ni mama. Akaandika kwenye simu yake, akanigeuzia kioo nisome: "Mtu anaingia uani, haongei, anapumua kwa kukoroma. Mama atapiga yowe la mwizi."

Na kulikuwa na jambo jingine lililofunga njia hiyo. Dada yake Emiliana, anayekaa na mama, pamoja na ukoo mzima, walikuwa wamekubaliana mama asiambiwe. Eti presha itapanda. Ndivyo tulivyo sisi: ikija habari mbaya inayomhusu mzee, ukoo mzima unageuka kikundi cha maigizo. Walimwambia mama kwamba Optatus amepata safari ya Ulaya, anawaimbia wazungu, na simu za huko zinasumbua. Mama akawa anauliza kama kuna baridi. Wakamjibu baridi ipo, lakini ameshanunuliwa koti.

Tuliendelea kukutana uani kwa Seth, Nkuhungu, kwa mazoea tu. Mimi na Seth tulipiga, Optatus alikaa ukutani akatusikiliza amefumba macho, na ilikuwa inaniuma mpaka viganjani. Mchana mmoja wa jua kali tulilala wote watatu kwenye mkeka, kwenye kivuli cha ukuta. Upepo ulikuwa umetulia. Nilisinzia, na katika usingizi nikasikia kitu kinadondoka: matone, kisha vijiti vinavunjika, kisha kwato ndogo juu ya mwamba. Nikaota nimo ndani ya ngoma yangu mwenyewe, na kuna mtu nje anaigonga kwa kucha, polepole, ananiuliza kama nimo. Nikamjibu kwa kidole. Nilipofumbua macho kidole changu kilikuwa kinagonga mkeka kweli, na Optatus, amelala chali, alikuwa anaongea na ndoto yake.

Kisandawe kina vidoko. Ulimi unabandikwa kwenye meno au kwenye kaakaa, kisha unabanduliwa, na mlio unatoka hapo hapo mdomoni bila kuomba ruhusa kwa koo wala kwa mapafu. Miaka yote tulikuwa tumemtania kwamba kwao watu wanaongea kama bisi zinakaangwa. Sasa bisi ndizo zilizobaki. Kiswahili chake kilikuwa kimekwenda, Kiingereza chake cha kuombea visa kimekwenda, lakini nusu ya lugha ya mama yake ilikuwa nzima mdomoni, hakuna kisu kilichoifikia.

Nilimtikisa. "Optatus! Umesema nini?"

Alinitazama amechanganyikiwa. Nikagonga mkeka vile vile nilivyosikia. Akaduwaa. Kisha akajibu, tok, tok-tok, na Seth akaamka akidhani mbuzi wameingia jikoni.

Hapo ndipo tulipoanza kuutengeneza ule wimbo, kama unaweza kuitwa wimbo. Ulituchukua kiangazi kizima, na siku zile nazikumbuka kama mtu anavyoikumbuka homa: mwanga mwingi, vitu vinakuja karibu mno, kisha vinakwenda mbali. Optatus alitaka ugonjwa wenyewe uwemo. Alifungua kitambaa, akaacha pumzi itoke kwenye tundu, fuuu, fuuu, na Seth akaitafuta kwenye nyuzi za zeze mpaka hukujua ipi ni pumzi na upi ni upinde. Alipokohoa aligeuka pembeni kwa aibu. Nilimwambia akohoe mbele yetu, kikohozi nacho kina mapigo yake.

Vidoko tuliviweka baadaye. Aliandika kwenye simu kwamba alipokuwa bado hajazinduka baada ya kupasuliwa, aliota yuko kwenye njia ya nyumbani anamwita mama, na mama anamsikia. Alitaka ndoto hiyo. Basi tukaijenga njia yenyewe, kidoko baada ya kidoko, mimi nikitembea chini yake kwa muheme. Na pale ambapo zamani sauti yake ingeingia na watu wakasisimka, tuliacha wazi. Hakuna aliyepiga kitu. Tulisubiri urefu wa mstari mmoja, kisha tukaendelea. Mume wangu alianza kulalamika kwamba nagonga mto usingizini. Nilimwambia ashukuru sigongi kichwa chake, lakini kwa kweli nilikuwa sijui tena wapi mazoezi yanaishia na ndoto inaanzia, na sikuwa na haraka ya kujua.

Misukosuko nayo haikukosekana. Kidoko kimoja cha Kisandawe, kile cha ulimi na meno, kinafanana mno na msonyo. Mama mmoja muuza mchicha alipita nje ya ua, akasikia anasonywa yeye na mchicha wake. Akatua beseni, akakaza kanga kiunoni, akatupasha mpaka majirani wakatoka kushangilia. Optatus alicheka hadi akaishiwa pumzi, na nilifurahi sana, maana sikuwa nimemwona akicheka tangu arudi.

Mwezi wa kumi tuliitwa kwenye ukumbi mmoja mjini, kwenye hafla ya kuelimisha watu juu ya saratani. Wengi walikuwa wafanyakazi wa wizarani, wametoka ofisini kule Mtumba na vitambulisho vyao bado vinaning'inia, wanachezea simu. Optatus alifungua kitambaa. Nikaona safu ya mbele inaegemea nyuma kwenye viti, kisha, pumzi ilipoanza, inarudi mbele taratibu. Simu zikashuka. Kuanzia hapo sikumbuki vizuri. Nakumbuka ukumbi ulikuwa na rangi ya asali, na nilikuwa natembea kwenye njia nisiyoijua, michongoma huku na huku, naona mbele moshi wa jiko la mtu. Tulipofika pale pa kuacha wazi, mwanamke mmoja nyuma aliguna. Mwishoni walisimama wote. Niliona fahari, siwezi kudanganya. Nilitaka turudie pale pale.

Optatus nilimkuta nyuma ya jukwaa ameketi juu ya boksi la spika. Akanionyesha simu. "Wamenisikia wote. Bado mmoja."

Huyo mmoja alikuwa na redio. Hilo sote tulilijua, na sote tukalisahau. Mtangazaji wa redio moja ya mjini alikuwa amerekodi onyesho letu, kisha akamkamata Seth mlangoni, na Seth ukimsogezea maikrofoni ni sawa na kumsogezea ng'ombe chumvi. Alieleza yote: jina, kijiji, saratani, kisu, tundu. Kipindi kilirushwa Jumapili. Kufika mchana Emiliana alinipigia.

"Dada Hilda, mmetufanyia nini? Mama amesikia yote."

"Mungu wangu! Presha je?"

"Presha iko sawa, sijui hata imekuwaje. Ila ameniamuru nitoe mikeka nje. Amejitanda kanga, ameketi uani, anasema hapa nyumbani kuna msiba, niwaite watu."

"Sasa si umwambie mwanawe yuko hai!"

"Nimemwambia. Anasema anajua, na nisimwambie kitu kingine, nimeshasema vya kutosha mwaka huu. Majirani wameanza kuja na kuni, dada. Nifanyeje? Nimebandika maharage."

Msiba ukishatandikiwa mkeka hauahirishwi. Seth aliazima gari la binamu yake, Noah, tukaondoka. Aliendesha bila kusema neno, na kwa Seth hiyo ni toba kamili. Optatus alikaa mbele na kitambaa kilicholowekwa maji, maana vumbi lilikuwa linamnyonga. Aliandika kwenye simu "Turudi," akanigeuzia. Nikajifanya sioni vizuri. Akaandika tena, nikatazama nje. Tulipoipita Farkwa barabara ilianza kupotea ndani ya mwanga wa jioni. Mawe makubwa yalisimama pembeni yana rangi ya mkate, mbuzi wakavuka mbele yetu bila mlio wowote, na nikawaza labda bado niko kule Nkuhungu, kwenye mkeka, nimelala. Niliogopa. Nilijua kwamba mama yake akimkataa, huyu hataimba tena kwa namna yoyote ile, na sikuwa na hakika kama angejihangaisha hata kupumua.

Uani palikuwa na msiba kamili. Wanaume wameuzunguka moto, wanawake wako kwenye mikeka, masufuria yanachemka, watoto wanafukuzwa. Mwanamume mmoja alipomwona Optatus aliinuka haraka, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole sana, kijana. Kazi ya Mungu." Kisha akamtazama vizuri, akautazama na mkono alioushika, akaketi polepole. Nani angemlaumu? Hakuna aliyefundishwa kumpa pole mfiwa ambaye ndiye anayeliliwa.

Sidonia alikuwa katikati ya wanawake, mdogo wa umbo, amenyooka mgongo, kanga imeshuka hadi kwenye nyusi. Nilipiga magoti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani?"

"Hilda, mama. Napiga ngoma na Optatus."

"Nimekusikia redioni. Unapiga kwa haraka, utadhani unaachwa na basi." Akatega sikio. "Yuko wapi?"

"Amesimama hapa mbele yako, mama."

Optatus alikuwa amebandika kiganja juu ya tundu ili asisikike akipumua. Mtu hawezi kukaa hivyo muda mrefu, lakini yeye alikuwa anajaribu.

"Wanasema nimerukwa na akili," Sidonia alisema kwa Kiswahili, polepole, ili na sisi wageni tusikie. "Mimi sijasema mwanangu amekufa. Nimesema kuna kitu changu kimekufa. Ile sauti niliijua siku anazaliwa, kabla sijamtazama uso. Imekatwa, imetupwa huko Dar es Salaam, na mimi huku nakula ugali naulizia koti. Hata kuku akifa, mwenye kuku huambiwa. Mimi nimenyimwa kulia."

"Mama, tuliogopa presha," Emiliana alisema, mwiko mkononi.

"Presha ni yangu."

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua, na mimi nilikuwa nimeyasikia maneno hayo tangu utoto bila kufikiri kwamba kilio chenyewe kinaweza kuja na mikeka na maharage, na aliyefichwa ndiye akakiitisha.

Kiganja cha Optatus kilishindwa. Pumzi ikamponyoka, ya kukoroma, na Sidonia akageuza uso kuifuata. Alisema kitu kwa Kisandawe. Emiliana akaninong'oneza: "Anamuuliza, ulipozinduka ukaikosa, ulilia?"

Optatus alitikisa kichwa. Kisha akakumbuka kwamba haonekani. Katika ua ule wote wenye watu, akapiga kidoko kimoja tu, kikavu, kidogo. Nilimwona Sidonia akikipokea. Uso wote ulimlegea. Aliinamisha kichwa, kisha akajibu kwa maneno machache, na Emiliana akasahau kunitafsiria. Ikabidi nimvute kanga.

"Amesema, hukulia. Ungelilia wapi, na pa kulilia pamekatwa? Njoo hapa."

Optatus alipiga magoti kwenye mkeka. Mama alimpapasa kichwa, ndevu, mabega yaliyobaki mifupa, akateremka hadi kwenye kitambaa na kukifungua. Vidole vilipofika kwenye tundu, Optatus alishtuka, lakini hakurudi nyuma. Mama akaweka kiganja mbele yake, mbali kidogo, kama anayepima joto la uji wa mtoto. Akasubiri. Pumzi ikamtoka mwanawe, akaisikia mkononi; ikaingia; ikatoka tena. Ilipotoka mara nyingine, Sidonia alifungua mdomo akalia.

Sikuwahi kuisikia sauti ile maishani, na niliijua papo hapo. Ilikuwa ya Optatus. Yaani ilikuwa ya mama, huko ndiko mwanawe alikoichukua, nzito chini, na kule juu ina ufa kidogo. Mwana alipovuta pumzi, mama alinyamaza. Alipoitoa, mama alilia. Hakumtangulia wala hakuchelewa. Mabega ya Optatus yalianza kutikisika, pumzi zikawa fupi fupi, na kilio kikawa kifupi kifupi nacho. Kisha akaachia moja ndefu, iliyokuwa imengoja tangu hospitali, na mama akaibeba yote mpaka mwisho. Wanawake kwenye mikeka walishusha kanga usoni. Seth alikuwa ameketi chini kwenye vumbi, karibu na gari, ameshika kichwa. Mimi nililia na sikujificha.

Jirani mmoja aliyechelewa aliingia uani na mzigo wa kuni kichwani. Alisimama karibu yangu, akatega sikio, akatafuta kwa macho kati ya watu.

"Nani analia hivyo?" aliniuliza.

"Optatus," nikamwambia.